Usiuze sahani za babu kwa bei ya sabuni

Ndugu wasomaji, nanyi wasikilizaji wetu mlio kambini au katika familia zilizowapokea, leo sizungumzii bei ya unga wala hali ya barabara. Nazungumzia sahani za muziki, zile nyeusi za duara ambazo wengi wetu tunaziita disiki na majirani wa Tanzania wanaziita santuri. Kuna watu wanazitafuta katika miji yetu ya mashariki. Wanapita kartye kwa kartye, wanauliza wazee na wajane, wanabeba katoni nzima na kuacha pesa ya sabuni na sukari kidogo. Nasema waziwazi: biashara hiyo, jinsi inavyofanyika sasa, ni unyang'anyi wenye adabu, na sisi wenyewe ndio tunaoufungulia mlango.

Sahani hizo haziendi kutupwa. Anayepita mlangoni anamuuzia mwingine, na huyo anamuuzia mkusanyaji wa Ulaya, Marekani au Japani. Kwenye intaneti, sahani moja ya Afrika iliyo adimu na iliyotunzwa vizuri inaweza kuuzwa mamia ya dola. Mnunuzi anajua hivyo. Mama mjane hajui. Pale ambapo mmoja anajua bei na mwingine hajui, usiniambie kwamba walielewana.

Hata hivyo, pesa ni sehemu ndogo ya hasara. Tuangalie kilichomo ndani ya katoni.

Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jéronimidis alianzisha lebo ya Ngoma mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mwaka huohuo Wendo Kolosoy na mpiga gitaa Henri Bowane walirekodi Marie-Louise. Mwaka 1953 Joseph Kabasele, yule Grand Kallé, alianzisha African Jazz. Juni 1956 ikaja OK Jazz, na ndani yake kijana Franco. Vijana wananiuliza: mbona Jazz, wakati walikuwa wanapiga rumba? Ni kwa sababu jina hilo lilikuwa na harufu ya usasa na ya dunia kubwa. Muziki wenyewe ulikuwa umekunywa sana kutoka sahani za Kuba, zile za mfululizo wa GV zilizoanza kutoka miaka ya 1930, kisha ukachanganywa na midundo na lugha za hapa. Louis Armstrong alipokuja kupiga Léopoldville na Elisabethville mwishoni mwa 1960, alikuta nchi ambayo bendi zake zilikuwa zimeshavaa jina la Jazz kwa miaka.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo, wanasiasa wetu walipokaa Brussels kwenye mkutano wa Meza ya Mviringo kudai uhuru, Kabasele na wenzake walikuwa hukohuko. Ndiko ilikozaliwa Indépendance Cha Cha, inayotaja viongozi na vyama kwa majina. Mtoto wa shule anaweza kujifunza mwaka 1960 kutoka upande mmoja wa sahani ile. Hiyo ndiyo tunayoibadilisha na sabuni.

Na msifikiri ni mambo ya Kinshasa na Kilingala tu. Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Mwenda alikuwa kijana wa Katanga, gitaa moja mkononi, akiimba kwa Kiswahili, lugha ninayowaandikia hapa. Nyimbo hizo leo zimehifadhiwa salama Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954. Ubelgiji nako, Makumbusho ya Tervuren yana hazina kubwa ya sauti za Kongo. Siwalaumu wanaotunza. Nauliza tu: mtoto wa Kalemie au wa Fizi atapanda ndege gani kwenda kusikiliza sauti ya nchi yake?

Wakati mwingine wanamuziki wenyewe waliondoka. Orchestra Maquis ilitoka Lubumbashi ikajijengea jina Dar es Salaam. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alikuwa nyota wa Tanzania. Samba Mapangala alijulikana akiwa Nairobi. Sahani walizotoa huko zilirudi kwetu ndani ya masanduku ya wafanyabiashara na wasafiri. Kwa hiyo sanduku la sahani katika nyumba ya Uvira au Bukavu linaweza kuwa na njia zote ambazo watu wetu wamepita. Ukiliuza bila kusikiliza, umeuza ramani.

Sasa nijibu wanaonipinga, maana ni wengi na wana sauti kubwa.

Wa kwanza wananiambia: tumbo halijazwi na rumba. Ni kweli. Mama aliyekimbia na watoto wanne akauza kila kitu apate unga, simnyooshei kidole hata kimoja. Maneno yangu hayamhusu yeye. Yanamhusu yule anayekuja kununua huku akijua mama huyo ana njaa. Kwa mama nina ushauri mmoja tu. Ukilazimika kuuza, usiuze katoni kwa jumla. Uza moja moja. Mwambie kijana mwenye simu atafute kwanza jina la bendi na namba iliyo kwenye lebo, muone wengine wanaiuza kwa bei gani. Na kabla haijatoka mlangoni, sauti yake inakiliwe. Mnunuzi mwaminifu hatakataa kusubiri siku mbili. Anayekataa, mmeshamjua.

Wa pili ni vijana: muziki wote uko kwenye simu, sahani za nini? Wangu, si wote. Sahani nyingi zilitoka katika idadi ndogo, na kuna pande za pili ambazo hakuna aliyezipandisha mahali popote. Hata zile zilizopandishwa, mara nyingi hazina jina la mtunzi, tarehe ni ya kubahatisha, na mwimbaji ni mwingine kabisa. Lebo ya sahani imechapwa jina la wimbo, la mtunzi, la bendi na namba. Familia ya mwanamuziki inayodai haki yake inahitaji ushahidi wa aina hiyo. Halafu kuna sauti yenyewe. Spika ya simu haiwezi kutoa besi, na rumba bila besi ni sombe bila mafuta.

Wa tatu ndio wananikera zaidi: eti kukusanya sahani na kuweka mashine ya stereo nyumbani ni starehe ya mabosi. Wanaosema hivyo wamezoea kuona muziki kama kitu cha kuonyesha wageni. Ngoja niwaambie kinachohitajika kweli.

Sahani nyingi za miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 ni mono. Maana yake bafle mbili zitatoa kitu kilekile. Bafle moja nzuri ya mitumba inatosha kabisa kuanzia. Ampli ya gari inakula volti 12, sawasawa na batri inayochajiwa na sahani ya jua, na baadhi ya mashine ndogo za kuchezea disiki nazo zinatumia volti 12. Kwa hiyo umeme wa kukatikakatika si sababu. Mashine iwe juu ya meza nzito iliyo sawa, na bafle isikae juu ya meza hiyohiyo, maana mtikisiko unarudi kwenye sindano na chumba chote kinaanza kulia. Kama kichwa cha sindano ni cha sumaku, kinahitaji kifaa kidogo cha kupandisha sauti kabla ya ampli. Bila hicho utasikia mnong'ono tu na kudhani sahani imekufa. Ukifika siku ya kuwa na bafle mbili, ziweke mbali na pembe za ukuta, nawe ukae mbele kati yake, mwachane kama mafiga matatu. Ni hayo tu. Fundi yeyote wa redio wa kartye anaweza kuyafanya, tena atafurahi, kwa sababu siku hizi analetewa chaja tu.

Jambo moja ni la hatari na lazima lijulikane. Sahani za zamani zaidi, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zina mfereji mpana kuliko zile za 45 na 33. Zinahitaji sindano yao pana. Ukiweka sindano nyembamba, inaburuta chini ya mfereji, inaleta kelele na kuumiza sahani. Nazo huvunjika kama chungu. Usizisafishe kwa pombe ya dawa, maana inayeyusha kitu zilichotengenezwa nacho. Maji safi, sabuni kidogo sana, kitambaa laini kinachofuata mzunguko, na lebo isilowane. Sahani za plastiki za baadaye hazivunjiki hivyo, lakini jua linazikunja. Zote zisimame wima kama vitabu. Ukizilaza rundo, za chini zinaumia.

Na kunakili si uchawi. Waya mmoja kutoka kwenye mashine, au kutoka kwenye kile kifaa kidogo cha kupandisha sauti, hadi kwenye kompyuta, pamoja na programu ya bure ya kurekodi kama Audacity, vinatosha. Hata kama mashine yako haina mwendo wa 78, mradi sindano iwe ile pana, cheza kwa 45 kisha programu irekebishe mwendo. Weka nakala tatu katika nyumba tatu tofauti. Kwa nini nyumba tatu? Muulizeni mtu wa Goma aliyeona lava ya Nyiragongo ikipita katikati ya mji Januari 2002. Muulizeni mtu yeyote aliyefunga mlango wake usiku akidhani atarudi baada ya siku mbili.

Wa nne wanasema: huu si wakati wake, nchi iko vitani. Mimi nasema huu ndio wakati wenyewe. Vita haviui watu tu. Vinachukua pia vitu vinavyotuambia sisi ni nani. Kitu ambacho hakijanakiliwa leo, kesho hakina wa kukililia, kwa sababu hakuna aliyekisikia. Kila juma napokea simu za watu waliohama wakiomba wimbo. Hawaniombi wimbo mpya. Wanaomba ule uliopigwa kwenye arusi ya mama, ule wa baa ya kijijini, na mara nyingi wimbo huo haupatikani katika redio yoyote ninayoijua.

Haupatikani kwa sababu redio nazo zina dhambi. Redio moja ya mkoa wetu, jina nalihifadhi, ilitoa sahani zake zote nje kupata nafasi ya meza na viti. Zilikaa mvuani siku tatu, watoto wakazigeuza magurudumu ya kuchezea. Hakuna aliyeandika hata orodha. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapo hata habari haikutangazwa.

Na ninyi waheshimiwa wa utamaduni, tuliwasikia Desemba 2021 mkishangilia UNESCO ilipoiandika rumba ya Kongo, ya pande zote mbili za mto, kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Tulishangilia pamoja nanyi. Lakini urithi haulindwi kwa cheti na picha za pamoja. Katika mkoa huu tuonyesheni chumba kimoja kikavu, chenye kufuli, rafu, mashine moja na kijana mmoja anayelipwa kunakili. Gharama yake ni ndogo kuliko ya semina moja ya hoteli. Mkishindwa, msiwakataze raia kukifanya wenyewe.

Raia tunaweza kuanza juma hili. Mwenye sahani aandike orodha katika daftari: bendi, wimbo, mtunzi, namba, na mmiliki wa kwanza. Mwenye mashine amkaribishe jirani mwenye sahani, wasikilize pamoja na kunakili. Mafundi watengeneze mashine moja kwa kila kartye. Wanaotaka kununua waje mchana, waseme bei ya kweli, na waache nakala.

Kwenu mliokimbia na kuacha kila kitu, nina ombi la pekee. Hata kama sahani zenu zimebaki nyuma ya mlango uliovunjwa, kumbukumbu yake mnayo. Waketisheni wazee kambini, wataje nyimbo walizokuwa nazo, nani alizinunua, wapi, na walizicheza siku gani. Kijana mmoja aandike. Orodha hiyo haina uzito mgongoni, na siku ya kurudi itatuambia tutafute nini.

Mwenye sanduku chini ya kitanda, usilifungue kwa ajili ya mgeni kabla hujalifungua kwa ajili ya watoto wako.