"Niliamrishwa" Si Udhuru

Julai 1995, Waislamu zaidi ya 8,000, wanaume na wavulana, waliuawa Srebrenica, Bosnia. Askari mmoja aliyeshiriki, Dražen Erdemović, aliiambia mahakama ya kimataifa mjini The Hague kwamba lau angekataa amri, naye angeuawa. Mwaka 1997 majaji wa rufaa, watatu dhidi ya wawili, waliamua kuwa tishio hilo halimfutii askari kosa la kuua wasio na hatia. Lampunguzia adhabu tu. Mwaka 1998 alihukumiwa kifungo cha miaka 5.

Miaka hiyo twaiona michache, lakini msingi wa hukumu twaukubali. Madrasani tumefunzwa kuwa kiumbe hatiiwi katika kumuasi Muumba. Vijana, tusiwe bendera kufuata upepo. Tujizoeze kukataa uovu mdogo tungali wadogo.