Kuiga Kadi ya Zamani Si Usalama

Mwandishi mmoja anadai kompyuta pepe ihadaiwe kikamilifu: iigiziwe kadi ya mtandao ya zamani, rejista kwa rejista, na maktaba za virtio, mfumo wa vifaa pepe visivyoiga kadi halisi, waachiwe Amazon na Google. Wanafunzi wa Voi, asema, haziwahusu.

Haziwahusu? Maktaba za virtio za mradi wa rust-vmm, ulioanza 2018, ni huria. Anayezisoma akiwa Voi haombi ruhusa kwa Amazon kule Seattle.

Kioja chenyewe ni dai lake kwamba kuiga kila kitu ndio usalama. Mwaka 2015 dosari ya usalama iitwayo VENOM ilifichuka ndani ya QEMU, programu ya kuendesha kompyuta pepe, kwenye msimbo wa kuiga kidhibiti cha diski laini. Diski laini, jamani! Nani bado alikuwa nayo?

Kasi nayo? Rejista ya kuigwa ikiguswa, mara nyingi mgeni, yaani kompyuta pepe, husimama mpaka mwenyeji, yaani mashine inayoiendesha, ajibu. Ni kushusha kabichi moja moja kutoka Wundanyi hadi Voi. Virtio hupanga maombi kwenye foleni ya kumbukumbu ya pamoja, kisha hubisha hodi mara moja kwa maombi mengi. Rusty Russell, mbunifu wa virtio, aliyaeleza hayo 2008. Shirika la viwango la OASIS likayafanya kiwango 2016.

Chuo Kikuu cha Taita Taveta kifundishe virtio, na makala ile isiingie darasani.