Meza ya familia mjini: tule wapi, tukae wapi?

Majuma mawili yaliyopita tulipokea barua ya mama mmoja wa Geita, msomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu. Mumewe ni mfanyakazi wa zamu mgodini. Anaeleza kwamba ni mtu mwema, hagusi kilevi, na matumizi ya nyumbani huyatoa bila kukumbushwa. Lakini siku zake za mapumziko hula mjini pamoja na wenzake, na kila anapoombwa awatoe mkewe na watoto japo mara moja wakale nje, jibu lake ni lile lile: mji huu hauna mahali pa mke wa Kiislamu na watoto kukaa, kote ni baa. "Je, ni kweli?" anauliza mama huyo. "Au ni mimi nisiyejua mji ninaoishi?"

Swali hilo hatukutaka kulijibu tukiwa tumeketi mezani na kalamu. Sisi wenyewe ni wakazi wa Kahama, tuna watoto wanne, na tukikumbuka vizuri, hata sisi tulikuwa hatujala nje pamoja tangu Idi ya mwaka jana. Basi tukapanga safari ya Jumamosi na Jumapili: Kahama, Shinyanga, kisha Geita kwa njia ya Usagara na Busisi. Tulimjibu mama yule kwa simu kwamba Jumapili mchana, inshaAllah, tutakuwa mjini kwake, na tukamwomba aje na watoto. Kuhusu mumewe hatukusema neno.

Tuseme kwanza kwamba baba yule hasemi uongo mtupu. Ukanda huu wetu, tangu almasi ya Mwadui iliyogunduliwa mwaka 1940 hadi mgodi mkubwa wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000, umezoea wanaume waliotoka makwao kutafuta riziki. Mwanaume wa namna hiyo hula amesimama, hula upesi, hula usiku wa manane akitoka zamu. Wafanyabiashara nao huwapikia wateja waliopo. Ndiyo maana viti vingi vya miji yetu vimepangwa kana kwamba hakuna mtu mwenye mtoto wa miaka mitatu. Lakini kupangwa hivyo si kusema kwamba mahali hapapo. Panataka kutafutwa, na panataka kuulizwa.

Na kuuliza ndiko kunakotushinda. Tulianza na kifungua kinywa pale pale Kahama, jirani na stendi, baada ya swala ya Alfajiri. Mama lishe mmoja alikuwa na sufuria ya supu ya mbuzi, chapati za moto na chai ya maziwa yenye tangawizi. Harufu yake iliwasimamisha watoto. Shingoni alivaa rozari. Tukasimama pale tumeona haya, kila mmoja anamtazama mwenzake aulize. Mwishowe ni yeye aliyetuokoa. "Karibuni, ndugu zangu," akasema. "Mnataka kujua nani kachinja? Nyama nachukua bucha lile la pembeni, anayechinja ni mzee wenu wa msikitini. Na kitimoto mimi sipiki. Anayekitaka anajua kinakouzwa." Kisha akatufutia meza.

Tulikula supu ile kwa raha ambayo ni vigumu kuieleza. Ndimu, pilipili ya kuponda, chapati ya kuchovya. Yule mdogo alimaliza bakuli lake na kuomba la dada yake.

Tunalitaja jambo hili kwa kirefu kwa sababu katika ukanda huu si jambo dogo. Wapo wasiosahau Buseresere, mkoani Geita, ambako mwezi Februari 2013 mzozo juu ya nani achinje ulifika mahali pa kumwaga damu, na mchungaji mmoja akapoteza maisha. Ilikuwa huzuni kwa kila mwenye akili, Muislamu na Mkristo. Hatutaki kufungua hapa mjadala wa fiqhi juu ya vichinjwa. Masheikh wetu wameusomesha, na mwenye swali na amwendee sheikh wake. Tunachotaka kusema ni kuhusu namna ya kuuliza. Kuna Waislamu wanaouliza kama polisi, na kuna wengine hawaulizi kabisa kwa kuogopa kuonekana washamba, wanakula huku moyo unawasuta. Mama yule ametufundisha kwamba muuzaji mwaminifu haoni tusi katika swali. Aone tusi kwa nini, ikiwa jibu analo?

Aidha, wasiwasi nao una mpaka wake. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba watu walimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa huletewa nyama na watu wapya katika Uislamu, nao hawajui kama ilitajiwa jina la Mwenyezi Mungu au la. Aliwaelekeza walitaje jina Lake wao wenyewe, wale. Hakuwatuma kwenda kuchunguza kila banda.

Kutoka Kahama tulipita Isaka, tukafika njia panda ya Tinde, na kabla ya Adhuhuri tulikuwa Shinyanga mjini. Hapa tunakiri upendeleo wetu. Wengi huiona Shinyanga kama mji wa kupitia, wa kushuka basi na kupanda jingine kwenda Mwanza. Sisi tunausifu kwa mchele. Mchele wa majaruba ya mkoa huu ukipikwa na mtu anayeujua, kwa moto wa mkaa, hauhitaji kusindikizwa na mengi. Pembezoni mwa soko tulikula wali, maharage ya nazi, mchicha na kipande cha kuku kwa kila mtu. Mezani kulikuwa na jagi la maji na bakuli la kunawia, na nje kidogo bomba ambalo mwenye nyumba alituruhusu kutilia udhu. Vijana wa leo wataliona bomba hilo ni jambo la kawaida. Maji yanayotoka humo ni ya Ziwa Victoria, yanayosukumwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009 kwa ajili ya Kahama na Shinyanga. Wenye umri wetu wanakumbuka mji huu ulivyohesabu ndoo.

Sokoni tulinunua vitafunwa vya njiani, na tunawashauri wazazi wafanye hivyo badala ya kununua biskuti. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikiwa vibichi na kukaushwa juani. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakaanikwa, na ukiyatafuna yana utamu unaokuja polepole. Mtoto wetu wa pili, ambaye nyumbani hugoma kula viazi, alimaliza mfuko. Tulinunua pia maziwa ya mgando. Mnywaji wa maziwa hayo akumbuke kwamba Shinyanga iliwahi kutajwa kuwa inageuka jangwa, hadi ulipoanza mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliowarudisha wafugaji kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi.

Baada ya swala ya Alasiri tulitafuta kahawa. Tuliipata, chungu kama inavyotakiwa, pamoja na kashata za karanga, katika kibaraza karibu na msikiti. Na hapa ndipo tulipokwama. Mabenchi yote yalikuwa ya wanaume. Hakuna aliyetukataza kukaa, ila hakuna mahali mama na binti wa miaka kumi na mitatu wangeweza kukaa bila kubanana na wazee waliokuwa wakizungumza siasa. Mmoja wetu alinunua vikombe, tukaenda kunywa tumesimama kando ya gari.

Wenye migahawa wa Kiislamu watuwie radhi, maana tunayasema haya tukiwapenda. Chakula chenu ni halali na ni kitamu. Lakini mama akiingia anaoneshwa meza iliyo mlangoni, machoni pa kila apitaye, au anafungiwa chakula aende nacho nyumbani kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo. Kuweka meza tatu nyuma ya pazia, na mkeka safi pembeni kwa mwanamke aliyekutwa na wakati wa swala, hakuhitaji mtaji wa benki. Mnalalamika kwamba familia zinakwenda kwenye mahoteli yanayouza pombe. Zinakwenda kwa sababu kule kuna kiti.

Na kule nako tulikwenda, usiku ule ule. Mahali penyewe hatutapataja, wala mji. Palikuwa na bustani nzuri, taa, bembea za watoto. Tuliuliza mlangoni, tukaambiwa vinywaji ni soda na juisi tu. Juisi ya pasheni ilikuwa nzuri kweli. Baada ya Isha meza zikaanza kujaa, chupa zikatokea, na kijana aliyekuwa akigeuza mishkaki yetu akageuza na nyama nyingine juu ya wavu ule ule. Tulipomuuliza ni nyama gani, alitazama chini. Tulilipa juisi, na mishkaki pia tukailipa ingawa hatukuila, kisha tukaondoka. Mtume (s.a.w.) amewaonya waumini kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe, na hatukuona haja ya kusubiri muziki.

Njiani kurudi tulikolala kijana wetu mkubwa aliuliza: "Sasa mbona hamkugomba nao?" Swali gumu. Tulimjibu kwamba tuliuliza mlangoni tukadanganywa, dhambi hiyo si yetu, na yule kijana wa jikoni pengine ndiyo ajira pekee aliyoipata. Hatujui kama aliridhika. Usiku huo tulikula matobolwa na maziwa tukiwa tumekaa kitandani, watoto wakacheka sana, na hadi leo wao husema kwamba kile ndicho chakula bora cha safari nzima. Basi kama unatafuta mahali pa kwanza pa kupendekezewa, msomaji, hapo ndipo watoto wetu wangekupeleka.

Jumapili tuliondoka mapema kuelekea Usagara. Zamani safari hii ilimaanisha foleni ya kivuko cha Kigongo hadi Busisi, na foleni ile ilikuwa na chakula chake: mahindi ya kuchoma, mayai, samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti, ambao ulikula ukiwa na jicho moja kwenye kivuko. Tangu daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, takriban kilomita 3 za maji unazipita kwa dakika chache. Alhamdulillah, wagonjwa na wajawazito wamepata nafuu kubwa. Tulimkumbuka tu mama wa samaki wa foleni, tukajiuliza siku hizi anawauzia akina nani.

Kwa familia ya Kiislamu yenye shaka ya nyama, ziwa ni rehema. Samaki hahitaji kuchinjwa, na mazungumzo yote yale ya buchani yanaisha. Sato wa kukaanga, mwenye ngozi kavu na nyama nyeupe, au sangara wa mchuzi wa nyanya, pamoja na ugali wa muhogo na kachumbari yenye ndimu: huo ndio mlo wa mji wa Geita, ambao mialo yake kama Nkome haiko mbali. Swali linabaki moja tu, nalo ni la mafuta na wavu. Ulizeni kama kikaango hicho hicho kinakaangia kitu kingine. Banda linalopika samaki peke yake ndilo tunalolipendelea, hata kama viti vyake ni vya plastiki na meza moja inayumba.

Banda la namna hiyo tulilipata, la mama wa Kiislamu anayepika na binti zake, lenye uzio wa mabati na kivuli cha mwembe nyuma, mbali na barabara. Haliuzi pombe wala sigara. Mama aliyetuandikia barua alikuwa amefika, na watoto wake watatu wamevaa nguo za Idi. Tulikaa kwenye mkeka, watoto saba kwa sinia moja kubwa, na tukawakumbusha somo ambalo Mtume (s.a.w.) alimpa Umar bin Abi Salama alipokuwa mtoto: kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula cha mbele yako. Hilo la tatu, kwa watoto saba na sato wanne, lilikuwa na mtihani wake.

Sahani zilipofika nusu, mumewe akaingia. Kumbe alikuwa ametoka zamu ya usiku, hakulala vizuri, macho mekundu. Akatupa salamu, akanawa, akakaa mwisho wa mkeka. Binti yake mdogo alikuwa amemwekea mkia wa samaki pembeni, akamsogezea. Alikula kimya kwa muda, akauchambua ule mkia mwiba baada ya mwiba na kurudisha nyama kwenye sahani ya binti.

"Baba watoto," mkewe akamuuliza kwa sauti ya chini, "kumbe hapa unapajua?"

"Napajua," akasema. "Hununua samaki hapa kila nikitoka zamu." Akatazama mwembe, na uzio, na mkeka. "Ila huku nyuma sijawahi kuingia. Siku zote nanunua nikiwa nimesimama pale dirishani."