Tuzililie tamthilia, lakini tusifiche ugonjwa

Kuanzia Mabwerebwere hadi Mikumi mjini, hapa wilayani Kilosa, tamthilia za Kikorea zina wapenzi wengi. Wapo wanaozifuata kwenye king'amuzi, wapo wanaonunua zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na kuwekewa kwenye memori kadi. Ukiwauliza wanachokipenda, wengi watakujibu kwa neno moja: zinaliza.

Kulia si ugonjwa, wala si udhaifu. Mtu aliyebeba mengi moyoni anaweza kupata ahueni kwa kulilia msiba wa kubuni. Sina ugomvi na machozi hayo. Ugomvi wangu ni na somo tunaloondoka nalo bila kujua.

Chukua mfano wa Autumn in My Heart, iliyorushwa na televisheni ya KBS ya Korea Kusini mwaka 2000. Msichana anagundua kuwa ana saratani ya damu, naye anamficha mpenzi wake ili asimuumize. Mwisho anafariki. Tangu hapo tumeona tamthilia nyingi za namna hiyo: tone la damu linatoka puani, mgonjwa analifuta haraka, anatabasamu, muziki unapanda. Nasi tunasema, "Huo ndio upendo."

Kwa nini inatuliza? Kwa sababu sisi watazamaji tunaijua siri ambayo mpendwa wake haijui. Tunatamani tuingie kwenye runinga tumwambie. Nyumbani kwako, mpenzi msomaji, hakuna mtazamaji. Uvimbe kwenye titi unaoufunika kwa kanga, dawa za presha ulizoacha kimyakimya, kikohozi cha mwezi mzima unachokiita mafua: siri hiyo unaijua peke yako, na hakuna wa kukuwahisha hospitali.

Katika tamthilia, saratani ya damu ni hukumu ya kifo. Katika maisha, kwa watoto hasa, ni ugonjwa unaoweza kupona. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zenye kipato kikubwa zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi zenye kipato kidogo ni chini ya asilimia 30, na miongoni mwa sababu ni kuchelewa kugundua ugonjwa na kuacha matibabu njiani.

Mzazi, damu ya puani peke yake mara nyingi si saratani. Lakini mtoto mwenye homa zinazorudi hata baada ya dawa ya malaria, anayepauka, anayepata michubuko bila kuanguka, anayelalamika mifupa inauma au aliyevimba tezi, apelekwe akapimwe damu. Anzia zahanati au kituo cha afya, na ukiandikiwa rufaa, iheshimu.

Hapa ndipo siri inapoumiza zaidi. Matibabu ya saratani ya damu kwa mtoto yanaweza kuchukua miaka miwili au zaidi. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina huduma ya watoto wenye saratani, na shirika la Tumaini la Maisha husaidia familia zao. Hata hivyo, lazima mtu asafiri hadi Dar es Salaam, mwingine abaki na watoto wengine, mwingine aangalie shamba, ndugu wachangishane nauli. Mama aliyenyamaza ili asiwatie watu hofu hawezi kuyapata hayo yote. Ukoo hauwezi kuchangia ugonjwa usioujua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Nasi tunaouguza tuna sehemu yetu. Mgonjwa huficha pale anapojua atalaumiwa, atasimangwa kwa gharama, au habari zake zitafika kisimani kabla yeye hajarudi kutoka kliniki. Tukitaka aseme, tumpe sababu ya kutuamini.

Basi endeleeni kutazama, na mkilia, lieni. Tamthilia ikiisha, kabla ya kuzima runinga, waulize waliokaa karibu nawe: "Ingekuwa wewe, ungetuambia?" Kisha nyamaza usikilize. Huenda kuna mtu sebuleni hapo aliyekuwa akisubiri kuulizwa.