Siku za mwezi na safari: muulize muuguzi kwanza, usikimbilie farmasia

Kila mara tunapomaliza kipindi cha afya, kuna swali linalotufikia kimya kimya, mara nyingi bila jina. Dada au mama anasema ana safari, amehesabu siku, ameona hedhi itamkutia njiani. Anataka kujua kama kuna dawa ya kuichelewesha, na kama dawa hiyo haitamharibu.

Swali hili si la anasa. Anayepanda meli ya usiku kutoka Bukavu kwenda Goma anajua shida ya choo ndani ya meli iliyojaa watu. Anayepita Kalehe na Minova kwa gari anajua kwamba matope yakishika magurudumu, kichaka ndicho kinakuwa choo, na wanaume wote wamesimama pembeni. Mchuuzi anayekwenda Shabunda anaweza kukaa njiani siku nyingi kuliko alizopanga. Kwa hiyo tusimcheke anayeuliza. Tumpe jibu.

Jibu ni kwamba inawezekana, tena kwa wanawake wengi wenye afya nzuri haina hatari kubwa. Lakini mimi nasema wazi: dawa hii isiuzwe kama peremende. Siku hizi unaingia farmasia ya mtaa, unasema “nipe ya kuzuia mwezi”, unapewa vidonge vilivyokatwa kwenye karatasi, bila swali hata moja. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Njia zinazojulikana ni mbili. Ya kwanza ni ya mwanamke ambaye tayari anakunywa vidonge vya mpango wa uzazi vya kila siku, vile vya pakiti ya vidonge 28. Kwenye pakiti nyingi za aina hiyo, 21 vina dawa na 7 vya mwisho, mara nyingi vya rangi ya kahawia, havina dawa ya uzazi bali chuma cha kuongeza damu. Hedhi inakuja wakati wa vile 7. Akimaliza 21 akaanza pakiti mpya kesho yake bila kugusa vile 7, kwa kawaida hedhi haiji. Matone madogo ya damu yanaweza kutokea, na hayo si ugonjwa. Lakini kuna vidonge vya aina nyingine, kama vile vya mama anayenyonyesha, ambavyo havifanyi kazi hivyo. Ndiyo maana unapaswa kumwonyesha muuguzi pakiti yako.

Njia ya pili ni ya asiyekunywa vidonge hivyo. Dawa inaitwa noretisteroni, na wengi wanaijua kwa jina la Primolut-Nor. Kawaida daktari anaagiza kidonge cha miligramu 5 mara tatu kwa siku, kuanzia siku 3 kabla ya siku unayotazamia hedhi. Ukiacha kunywa, damu inakuja baada ya siku 2 au 3 hivi. Ukianza wakati damu imeshatoka, umechelewa. Na mjue jambo hili: ikinywewa hivi, haizuii mimba.

Sasa, nani asiinywe? Aliyewahi kupata damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu. Mwenye ugonjwa wa ini. Aliyewahi kuwa na saratani ya titi. Anayetokwa damu bila sababu kujulikana. Na mwenye mimba: kama hedhi imeshachelewa, pima mimba kwanza. Vile vidonge vya pakiti 28 vyenye homoni mbili navyo havimfai mwenye presha ya juu, mwenye kipandauso kinacholeta vimulimuli machoni, wala aliyejifungua majuma machache yaliyopita. Haya ni maswali ya dakika tano. Mwuza dawa asiyeyauliza hajakusaidia, amechukua pesa zako tu.

Ukiwa safarini na umekunywa dawa, usikae umekunja miguu saa nyingi. Simama, tembea, kunywa maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, au pumzi ikikata ghafla, acha dawa na utafute kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kuhusu limau, siki, chumvi nyingi, au rundo la antibiotiki: havisogezi hedhi. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba si cha kazi hii. Na sindano ya mpango wa uzazi au kijiti cha mkononi vinaweza kuvuruga damu kwa miezi, usivichukue kwa ajili ya safari moja.

Lakini nina neno lingine, na hili ni kwa wenye mamlaka na mashirika. Mwanamke anayepanga safari anaweza kwenda kituo cha afya majuma mawili au matatu kabla. Aliyekimbia na mtoto mgongoni hakupata nafasi hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 familia zilitoka Minova na Kalehe, kisha mwezi wa pili vita vikafika Bukavu kwenyewe. Hakuna kidonge kinachoweza kuhesabu siku ya kukimbia. Kwa mama huyo dawa si jibu. Anahitaji vitambaa au Kotex, sabuni, ndoo, chupi za kubadilisha, na choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Shirika la UNFPA hugawa vifurushi vya namna hiyo. Visihesabiwe kuwa vitu vya mwisho, baada ya unga na maharage.

Tena, aliyetendewa ukatili njiani asinyamaze akitafuta dawa ya hedhi. Aende hospitali, kama ile ya Panzi, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI ina muda wake.

Ninachoomba ni vitu vitatu. Wenye farmasia waulize kabla ya kuuza, na wakatae kuuza wakisikia jibu baya. Wenye meli na wasimamizi wa maeneo ya wakimbizi waweke choo cha wanawake kinachofungwa, chenye maji na pipa la takataka. Na sisi wanaume na wanawake wa nyumbani tuache kuona hedhi kama aibu, ili msichana wa miaka kumi na tano aweze kumuuliza mama yake au muuguzi, badala ya kumuuliza mwuza dawa wa kando ya barabara.