Sifuri Nane Zilizofungua Mlango

Aghalabu mvunjaji wa siri za kompyuta hudhaniwa kuwa bingwa wa hesabu ngumu. Kasoro iliyofichuliwa mwaka 2020 na Tom Tervoort wa kampuni ya Secura, Uholanzi, ilimtaka ajue kuandika sifuri tu.

Kasoro hiyo, Zerologon, ilikuwa katika Netlogon, itifaki ya Microsoft ambayo kwayo kompyuta hujitambulisha kwa kompyuta kuu inayotunza orodha ya watumiaji na maneno yao ya siri. Samba, programu iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia ili kompyuta za aina mbalimbali zipate kugawana majalada, hufuata itifaki hiyo hiyo. Basi ikairithi kasoro.

Wapo walioilaumu AES, kanuni ya kufumba maandishi iliyotumika humo. Lawama hiyo haina msingi. Kompyuta inayojitambulisha hupeleka baiti 8 izitakazo, kisha huzifumba kwa ufunguo wa siri na kuleta jibu. Namna ya ufumbaji iliyochaguliwa, CFB8, hudai kianzio kisichotabirika. Watunzi wa Netlogon waliweka sifuri 16 daima. Mwizi akipeleka sifuri 8, na baiti ya kwanza ya fumbo ikitokea kuwa sifuri, hakuna kinachobadilika: zote zifuatazo huwa sifuri vilevile. Baiti ina thamani 256; kwa hiyo ufunguo mmoja kati ya 256 humfungulia mlango asiyeujua. Ufunguo hubadilika kila jaribio, wala mfumo haukumfungia nje aliyekosea mara nyingi. Majaribio 256 kwa wastani, yaani sekunde 3 hivi, yalitosha. (Mwalimu aliyechoshwa na dadu na sarafu katika somo la uwezekano amepata mfano.)

Microsoft ilitoa marekebisho Agosti 2020, Samba Septemba. Samba sasa hukataa baiti 8 ambazo 5 za kwanza zinafanana. Ni kiraka chema, lakini kiraka. La kusifiwa zaidi lilifanyika mwaka 2018: toleo la 4.8 lilianza kudai, bila kungoja uamuzi wa msimamizi, kwamba kila ujumbe unaofuata ufungwe kwa ufunguo uleule, ambao mwizi hana. Kwa walioliacha lilivyo, shambulio halikuweza kufika mwisho. Waliolegeza sharti hilo ili kompyuta kuukuu zisikataliwe ndio waliolazimika kukimbilia marekebisho.