HOSPITALI HAINA RUHUSA KUULIZA FEDHA KWANZA



Wengi wenu mnatuuliza jambo moja: mtu akizidiwa usiku katika nchi hii yetu ya chai, Kericho au Bomet, ni daktari gani atakayempokea kwa SHA? Swali hili ni la haki, lakini usiku wa namna hiyo si saa ya kutafuta daktari wa SHA. Mgonjwa apelekwe hospitali iliyo karibu yenye uwezo wa kumtibu, na hospitali hiyo haina ruhusa kumrudisha. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu mimi nilichelewa kulijua.

Mke wa ndugu yangu huchuma chai kwa tajiri mmoja mdogo. Usiku mmoja wa mvua alishikwa na tumbo, upande wa kuume, akawa hawezi kunyoka. Tulimpakia kwenye pikipiki, mumewe akamshika nyuma, nami nikafuata kwa nyingine. Hospitali ya kwanza tuliyoifikia, karani alitazama mashine yake akasema michango haikuingia, tulete Shs. 10,000/- kwanza. Michango haikuingia! Na karatasi zake za mshahara zaonyesha makato kila mwezi. Tangu saa nne mpaka saa saba na nusu tulikaa kwenye benchi tukipigia jamaa simu, naye akilia. Mwisho tulimchukua hospitali nyingine, wakampasua, wakakuta kidole tumbo kimekwisha kupasuka. Alilala huko siku kumi na moja. Yu hai. Lakini mimi katibu wa tawi, ambaye hubishana na wakubwa wa kazi bila kuogopa, nilikaa kwenye benchi lile nisijue neno la kumwambia karani.

Neno lenyewe ni hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya ghafula. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaongeza meno: hospitali yenye uwezo ikikataa kumtibu mtu wa namna hiyo imefanya kosa, na yaweza kutozwa faini hata Shs. 3,000,000/-. Sheria hiyo yaeleza pia kwamba matibabu hayo ni pamoja na kumhudumia mgonjwa kabla hajafika hospitali, kuituliza hali yake, na kumpangia safari ya kwenda hospitali kubwa ikiwa hapo hawawezi. Basi kumwambia mtu "nendeni kwingine" na kufunga dirisha siyo kumpangia safari.

Na fedha je? Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023, ambayo ndiyo iliyoleta SHA mahali pa NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 2024, imeweka mfuko wa peke yake kwa magonjwa ya ghafula na magonjwa makubwa. Mfuko huo hutegemea fedha zinazopitishwa na Bunge, wala si makato yetu. Hospitali ina mahali pa kudai. Madai yakikawia kulipwa, hayo ni mashitaka kati ya hospitali na Serikali; mgonjwa asifanywe rehani.

Sisemi mambo ni mepesi. Mwaka 2015 huko Nairobi mtu aliyegongwa na gari alikaa ndani ya gari la wagonjwa saa kumi na nane akingoja kitanda, akafa, na Katiba ilikuwa na miaka mitano. Lakini tumeona pia kwamba yawezekana. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilipowaangukia watu pale Londiani Junction na kuua zaidi ya hamsini, waliojeruhiwa walikimbizwa Londiani na Kericho. Karani gani angesimama mlangoni siku ile akiuliza michango? Mgonjwa mmoja wa usiku ana haki ile ile, ila yeye hana magazeti nyuma yake.

Sisi wa reli twajua ubaya wa umbali. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 kwa kupitia Londiani, Lumbwa (ndiyo Kipkelion ya sasa) na Fort Ternan, wala haikupanda Kericho mjini. Mtu akiumia Fort Ternan apandishwe mlima kwa barabara. Kwa hiyo kila tawi lijue mapema hospitali iliyo karibu nalo, na namba ya gari la wagonjwa.

Hali ikiisha kutulia, ndipo habari ya mkataba inapokuja, na hapo swali lenu lina maana. Mikataba hubadilika. Mwaka 2025 SHA ilizisimamisha hospitali kadhaa kwa madai ya uongo, na chama cha hospitali za binafsi nacho kilitangaza kuacha kuwapokea watu wa SHA kwa ajili ya madeni. Aliyepokelewa mwaka jana asidhani atapokelewa mwaka huu. Ulizeni mkiwa wazima.

Tazameni pia makato yenu. Ni asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya kukatwa kitu, mwenye Shs. 20,000/- hukatwa Shs. 550/-, ambapo kwa NHIF alikatwa Shs. 750/-. Kwa mshahara mdogo ni nafuu, tuseme kweli. Tajiri hatoi senti yake hata moja juu ya hiyo. Kazi yake ni kuipeleka tu kabla ya tarehe 9 ya mwezi, na wengine hata hiyo inawashinda. Pigeni *147# mwone kama mmeandikishwa, na kama mke na watoto wamo.

Neno moja zaidi, na hili wengi hawalijui. Ukiumia kazini, kidole kikikatwa na mashine ya kuchuma chai au mguu ukibanwa kwenye reli, hiyo si habari ya SHA kamwe. Sheria ya Fidia ya mwaka 2007 yamtaka tajiri atoe huduma ya kwanza, atafute gari la kukupeleka hospitali, na alipe matibabu. Mwambie msimamizi siku ile ile, na mwenzako awe shahidi. Msikubali kuandikwa kwamba mliumia nyumbani.

Makatibu wa matawi yote, kutoka Londiani mpaka Bomet, waende hospitali zilizo karibu nao, za Serikali, za misheni na za binafsi, waulize mambo mawili: mna mkataba na SHA leo? Usiku yupo daktari au tabibu wa kupokea watu wa ghafula? Majibu yaletwe kwenye mkutano ujao yameandikwa, pamoja na jina la aliyejibu na cheo chake, nasi tutayapiga chapa ukurasa wa nyuma wa gazeti hili ili mwanachama akate karatasi ile aiweke mfukoni. Wachuma chai wenye karatasi za mshahara zenye makato yasiyofika SHA wazilete pia. Za shemeji yangu tunazo tayari.